Eda ya Inspekta Jabali

Palikuwa na nchi. Kama mnadhani ni hii yetu, mmekosea, na ninawaomba mkosee kimyakimya. Hii yetu haina mambo hayo, na kama inayo, yalifanywa kwa nia njema. Nchi ninayoisema ilikuwa huko mbali, ng'ambo ya ng'ambo, na watu wake walikuwa na kila kitu: barabara zilizozinduliwa, visima vilivyozinduliwa, na televisheni zinazofanya kazi.

Kasoro yao ilikuwa moja tu, tamthilia. Walizipenda mno, na kila mtu alikuwa na maoni yake. Ilipooneshwa Machozi ya Bibi Harusi, ile ya binti aliyeolewa na ndugu wa mtu aliyemuua baba yake, nchi iligawanyika. Hawa wakasema arudi kwa mumewe, wale wakasema asirudi hata apigiwe magoti. Posa zilivunjika. Majirani waliacha kuombana chumvi. Daktari mmoja alimwacha mgonjwa mezani, tumbo liko wazi, akatoka kwenda kubishana na nesi ukumbini. Hapo Serikali ikasema, aa, hapana. Nchi inayoshindwa kuwa na maoni mamoja juu ya bibi harusi wa kuigiza, juu ya mambo mengine itakuwaje?

Basi ikaundwa Wizara ya Tamthilia na Utulivu, akapewa Mheshimiwa Chongoe, ambaye kabla ya hapo alikuwa Waziri wa Mifugo na hakuona tofauti kubwa. Kikaundwa na cheo kipya: Mtazamaji Mkuu wa Taifa. Kazi yake ilikuwa kutazama kwa niaba ya wananchi wote. Kila jioni tamthilia ikiisha, alitokea yeye kwenye kioo, ameketi kitini kwake, akatoa maoni, na yakishatoka ndiyo hayo. Mwananchi akiulizwa kazini, sokoni, hata kwenye foleni ya choo, "Ya jana uliionaje?" jibu la kisheria lilikuwa moja: "Mimi nimeona alivyoona Mtazamaji Mkuu."

Amani ikarudi. Watu wakaombana chumvi. Yule mgonjwa akashonwa.

* * *

Mtazamaji Mkuu alikuwa Bwana Mwinyimvua Kitogo, na hakuupata ukubwa ule kwa kujuana, msimsingizie. Ni kweli alikuwa shemeji yake Mheshimiwa Chongoe kwa upande wa mke mdogo, lakini hilo lilijulikana baadaye sana, alipokuwa ameshateuliwa na kila mtu ameshalijua. Alichokuwa nacho ni kipaji. Mpe Bwana Mwinyimvua tamthilia yoyote ya upelelezi. Maiti haijapoa, ameshakwambia muuaji.

"Ni yule aliyeleta chai," husema. "Mtu anayeleta chai bila kuagizwa ana jambo."

Na kweli, mwisho wa siku pingu zinamwangukia mleta chai.

Tamthilia za mapenzi nazo alizitolea maoni ya kina. Alitaka mwanamke akilia, wanja uchuruzike. Anayelia na wanja ukabaki palepale, ama halii, ama ule si wanja. Alitaka tajiri wa kwenye tamthilia aonekane walau mara moja akifanya hiyo kazi iliyompa utajiri. Alitaka mtu aliyepoteza kumbukumbu asiipate siku ya kugawa urithi. Na kuhusu mapacha hakutaka kusikia kabisa. "Pacha," alisema kwa taifa zima, kidole juu, "ni uvivu wa mtunzi." Kesho yake mapacha wakapigwa marufuku kwenye vipindi vyote, na wawili wa kweli waliokuwa wakisoma taarifa ya habari wakapangiwa mikoa tofauti.

Lakini niwaambie siri ya mtu huyu. Maoni yale yote, vidole vile vyote, alikuwa akimfanyia mtu mmoja tu, mkewe, Bi. Siwema.

Walikutana ujanani kwenye baraza la ofisi ya kata, siku hizo televisheni ni moja na imefungiwa kwenye kizimba cha nondo kama mbuzi mkorofi. Watu wamejaa, wamekaa chini. Kwenye kioo kuna mzee kauawa, na polisi wanahangaika. Mwinyimvua, kijana mwembamba wakati huo, akainama kwa binti aliyekaa mbele yake ambaye hata jina lake hakulijua, akanong'ona, "Ni dereva."

Na ikawa dereva. Binti aligeuka, akamtazama kwa macho makubwa, akasema, "Ulijuaje?"

Neno hilo lilimtosha Mwinyimvua kwenda kumwambia mama yake amtafutie mshenga. Na ndani ya ndoa aliendelea kulipata kama chumvi kwenye chakula. Walizaa binti yao Mize, wakamlea, wakamwoza, na jioni zote hizo Bi. Siwema alikuwa akigeuka na kuuliza, "Baba Mize, ulijuaje?" Alipopewa cheo tu, neno likakoma. Sasa Bi. Siwema alijibu kama taifa linavyojibu: "Mimi nimeona alivyoona Mtazamaji Mkuu." Mumewe akachukulia kwamba ni heshima. Mtu akitaka kudanganyika, haachi kupata pa kushika.

Nisisahau habari ya Mama Tunu, maana itatufaa mbele. Mama Tunu alikuwa jirani, shoga wa Bi. Siwema tangu utotoni, na jioni alikuwa akija kutazama kwao huku akichambua mchele. Siku moja Bwana Mwinyimvua, mwenyeji mwema, akamgeukia, "Na wewe Mama Tunu, unaionaje hii?" Mama Tunu alikuwa ameshiba sambusa, akajisahau. Akasema, "Mimi naona yule bibi harusi hana kosa. Kosa ni la mumewe."

Bwana Mwinyimvua alicheka, akamwongeza sambusa. Asubuhi gari la Wizara likaja likamchukua Mama Tunu kumpeleka Chuo cha Kutazama, kwa kozi. Aliporudi alikuwa amekonda, na televisheni ikiwashwa alikuwa akiitikia kwa kichwa mfululizo, hata kwenye matangazo ya sabuni. Bi. Siwema alikwenda jikoni akaosha vikombe, kisha akaviosha tena.

* * *

Sasa ndipo ilipoanza Pingu Hazilali.

Tamthilia yenyewe haikuwa na la ajabu. Kila wiki anakufa mtu, na kila wiki Inspekta Jabali anamkamata aliyemuua. Huyo Jabali alikuwa mrefu, sauti nzito, koti refu la kijivu, na kapera. Lakini alikuwa na jambo lake. Kabla hajamkamata mtu, humfuata shahidi ambaye hakuna aliyemjali, labda mfagizi au bibi mwuza mihogo, akavuta kigoda akaketi karibu naye, akasema kwa upole, "Na wewe, mama, wewe ulionaje?" Kisha hunyamaza. Anasubiri. Kamera nayo inasubiri. Yule bibi anaanza kusema, anababaika, anarudi nyuma, anakumbuka, na Jabali hamkatizi.

Nchi nzima ilikuwa ikishika pumzi hapo. Bwana Mwinyimvua hakuelewa kwa nini. "Maswali mengi," alitoa maoni. "Mpelelezi anayejua kazi yake haulizi."

Nchi nzima ikaona alivyoona. Ila nyumbani kwake mwenyewe akaanza kuona mambo.

Kwanza lilikuwa la udi. Siku ya Jabali, Bi. Siwema alianza kufukiza udi sebuleni. Pili, alianza kukisogeza kiti chake mbele, akamwacha mumewe nyuma na kisahani cha kashata. Tatu, Jabali akibisha hodi kwenye mlango wowote ule, hata wa gesti ya majambazi, Bi. Siwema alisema kwa sauti ya chini, "Karibu." Lakini lililomchoma Bwana Mwinyimvua hadi kwenye mfupa lilikuwa la mtandio. Inspekta Jabali alipogeuka kutazama kamera, Bi. Siwema alivuta mtandio akajifunika kichwa.

"Mama Mize," akasema siku moja, akijitahidi sauti isipande, "unamfunikia nani kichwa?"

"Si kuna mgeni."

"Yuko wapi mgeni?"

Akamwonesha kwa kidevu. "Anatutazama."

"Yule hatuoni!"

"Wajuaje?" akasema Bi. Siwema, bila kugeuka.

Lo! Miaka yote ile alikuwa akilisubiri neno lile lirudi, na lilivyorudi lilimpiga kibao. Bwana Mwinyimvua alitafuna kashata hadi jino likauma. Wivu, jamani, ni ugonjwa mbaya. Ukimpata kapuku anampiga jirani, ukimpata mkubwa anatafuta kifungu cha sheria.

Bado hakufika huko. Alijaribu kwanza njia za kistaarabu. Alishonesha koti. Fundi alimwuliza mara mbili kama ana safari ya nchi za baridi, maana mji ule jua lilikuwa linachemsha maji ndani ya mabomba. Akalivaa jioni ya Jabali, akaingia sebuleni kwa hatua nzito, akasimama mlangoni jasho likimtiririka hadi kwenye soksi. Bi. Siwema akainua macho.

"Baba Mize, una homa?"

"Sina."

"Kalale, nitakuletea mchaichai kipindi kikiisha."

Akalivua. Jioni ile ile mkewe alikuwa amejifunga kanga mpya, na ilipoanza tamthilia akainuka kuongeza sauti, Bwana Mwinyimvua akasoma maandishi ya kanga: WIVU WAKO HAUNIONDOLEI BAHATI YANGU. Inawezekana aliinunua kwa sababu ya rangi. Mimi sisemi kitu.

* * *

Kesho yake akamwita mtunzi wa Pingu Hazilali, mtu mmoja anaitwa Ponera, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Jabali afe," Bwana Mwinyimvua akasema.

Ponera akavua miwani. "Mheshimiwa, afe? Watu wanampenda. Hata wezi wanamwogopa, wezi wa kweli, wa mitaani. Siku ya Jabali hawatoki."

"Tamthilia ambayo mhusika mkuu hafi ni pilau isiyo na nyama. Hayo ni maoni yangu, na unajua maoni yangu ni nini."

"Ni sheria, mheshimiwa." Ponera akafikiri, akaanza kuchangamka kidogo, maana msanii ni msanii. "Basi apigwe risasi akimkinga mtoto. Au alipuke na daraja..."

"Hakuna daraja. Asiuawe. Afe tu."

"Afe na nini?"

"Mwiba."

"Mwiba wa...?"

"Wa perege. Yuko jikoni peke yake, anakula kwa pupa. Koti hana. Amevaa fulana." Macho ya Bwana Mwinyimvua yakawaka. "Na fulana iwe imetoboka kwapani."

Ponera aliandika huku machozi yakimdondoka. Na jioni ya siku ya Jabali, taifa lote likakaa, likamwona shujaa wake katika fulana iliyotoboka kwapani, mbele ya sinia la ugali, akimeza, akikohoa, akikodoa macho.

"Mwiba!" akapiga kelele Bi. Siwema. "Mwiba huo! Mpigeni mgongoni!"

Hakukuwa na wa kumpiga. Alikuwa kapera. Basi Bi. Siwema aliruka kutoka kitini, akaikimbilia televisheni, akaizunguka, akaanza kuipiga mgongoni kwa kiganja, pa, pa, pa! "Tema! Tema, mwanangu, tema!" Jabali akaanguka kwenye sinia. Bi. Siwema naye akaanguka chini, ameikumbatia televisheni.

Kamera ya Wizara, ambayo ilikuwa imefungwa pale pale sebuleni kwa ajili ya maoni ya jioni, ikawaka taa nyekundu. Bwana Mwinyimvua akakohoa, akanyoosha kola. "Nimeona kifo hiki ni sahihi," akasema kwa taifa, mkewe anagaragara miguuni pake nje kidogo ya picha, kilio chake kikisikika. "Taifa limeridhika."

Nchi nzima ikalia, huku inasema imeridhika.

* * *

Furaha yake haikufika hata kifungua kinywa.

Asubuhi na mapema Mheshimiwa Chongoe aliingia bila hodi, amefuatana na bwana mkubwa wa Usalama. Huyo bwana mkubwa alikuwa amekasirika sana, na alikuwa na haki. Kumbe kesi zote alizopeleleza Inspekta Jabali zilikuwa zikiingizwa katika taarifa ya taifa ya uhalifu uliodhibitiwa. Kwa nini zisiingizwe? Mhalifu alikuwepo, alikamatwa, watu waliona kwa macho yao. Jabali alikuwa amepandishwa cheo kimyakimya na alikuwa akitegemewa. Sasa mtu wa namna hiyo amekufa kwa mwiba, na fulana ile!

"Atazikwa kitaifa," akasema Mheshimiwa Chongoe, akijipangusa. "Mtukufu Rais ameshaagiza. Bendera nusu mlingoti, mizinga, wasifu wa marehemu utausoma wewe, shemeji, ndiwe mwenye maoni. Limebaki moja. Mjane."

"Hakuwa na mke," akasema Bwana Mwinyimvua.

"Ndiyo maana nikasema limebaki. Itifaki inasema bendera inakunjwa, inakabidhiwa mjane. Bila mjane bendera tutampa nani, tuirudishe stoo? Vijana wetu wamepitia picha za majonzi ya wananchi. Wengi wamelia, ndiyo, lakini kwa kiasi, kwa tabia njema. Aliyelia kama mwenye mtu wake ni mmoja tu." Akashika mkono wa Bwana Mwinyimvua, akautikisa. "Hongera sana. Ni Mama Mize."

Bwana Mwinyimvua alitafuta pa kukaa, ingawa alikuwa amekaa. "Mheshimiwa, mimi mumewe ni mzima!"

"Hilo halina ubishi, na Serikali inakuombea umri mrefu. Lakini hatujadili mume hapa, tunajadili mjane."

"Mke wangu hawezi kuwa mjane na mimi nakula, nakunywa!"

"Shemeji," akasema Mheshimiwa Chongoe kwa masikitiko, "jana ulisema taifa limeridhika. Sasa wewe mwenzetu si taifa?"

Maneno yake mwenyewe yalikuwa yamemkalia kooni, wala hakukuwa na wa kumpiga mgongoni.

Mazishi yalifana. Ndani ya jeneza iliwekwa televisheni, imezimwa kwa heshima. Bwana Mwinyimvua akasoma wasifu, akasema marehemu alikuwa jasiri, mpole, msikivu, mwenye sura njema, kila neno linamtoka kama anang'olewa jino. Mbele yake alikaa Bi. Siwema katika nguo nyeupe, anashikiliwa huku na huku, na Mtukufu mwenyewe akamkabidhi bendera. Watu walipita kumpa mkono wa pole mjane, wakifika kwa Bwana Mwinyimvua hawakujua wampe nini. Wengine walimpa pole. Mmoja akamwuliza, "Wewe ni nani wa marehemu?"

Baada ya mazishi, mjane akaingia eda. Sheikh wa mtaa alijaribu kupinga. "Eda ya mtu wa kwenye televisheni? Na mume yupo? Haijapata kuandikwa popote!"

"Sheikh," akaambiwa, "hii ni eda ya kiserikali."

Likatundikwa pazia jeupe kwenye mlango wa chumba cha Bwana Mwinyimvua mwenyewe, askari akasimama, na amri ikabandikwa kwamba mwanamume asiyekuwa ndugu wa marehemu asivuke. Na Mtazamaji Mkuu wa Taifa akahamia kwenye kochi la sebuleni.

* * *

Siku zikaenda. Mama Tunu ndiye aliyekuwa akiingia kwa mjane na uji. Bwana Mwinyimvua aliyasikia maongezi yao ya chini kwa chini kupitia ukutani, na akibana pumzi ili asikie, yanakoma.

Alasiri moja askari alikwenda kuswali. Bwana Mwinyimvua akajongea pazia.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi. Baba Mize."

"Niko edani."

"Najua uko edani!" Akaishusha sauti. "Mama Mize, nimekuja kukuuliza jambo moja tu, kisha nitaondoka. Yule mtu alikuwa na nini? Koti? Koti nilishona. Sauti? Mimi nami nina sauti, nchi nzima inanisikiliza. Alikuwa na nini ambacho mimi sina?"

Akadhani mkewe amelala.

"Aliuliza watu," Bi. Siwema akasema nyuma ya pazia. "Aliuliza, akawaacha wamalize."

"Basi? Ni hilo tu?"

"Halafu akawaacha waende nyumbani kwao."

Bwana Mwinyimvua akarudi kwenye kochi. Kule kwa jirani televisheni ya Mama Tunu ilikuwa inatangaza sabuni, na yeye alijua, bila kuona, kwamba kuna kichwa pale kinaitikia. Alijaribu kukumbuka mara ya mwisho alipomwuliza mkewe ameona nini. Akarudi nyuma, kabla ya cheo, kabla ya harusi ya Mize, akarudi mpaka kwenye kizimba cha nondo. Hata pale hakumwuliza. Alimwambia tu, "Ni dereva." Labda Siwema naye alikuwa na mtu aliyemshuku. Labda alishajua ni dereva. Akasikia uchungu, akajifunika uso kwa mto. Alimpenda mwanamke yule, jamani, msimcheke mno. Akaapa kwamba siku eda itakapoisha, atamwuliza.

Huko nje mambo yalikuwa yameharibika. Wezi walipopata uhakika kwamba Jabali amezikwa, walitoka kama kumbikumbi. Waliiba nyaya, waliiba mabati, na siku waliyoiba geti la nyumbani kwa Mheshimiwa Chongoe pamoja na mlinzi aliyelala ameliegemea, Wizara ikakutana kwa dharura. Ponera akaitwa. Ponera akasema, kwa aibu, kwamba anaona njia moja tu, ila imepigwa marufuku.

Wakamfuata Mtazamaji Mkuu kwenye kochi lake. Yeye hakubisha, akili yake ilikuwa kwenye pazia. Jioni taa nyekundu ikawaka. "Nimeona," akasema, kidole hakikupanda, "kwamba pacha ni ubunifu wa hali ya juu." Taifa likaona hivyo hivyo, na wale wasoma habari wakarudishwa mkoa mmoja.

* * *

Eda ilikwisha siku ile ile pacha wa marehemu Jabali alipokuwa aanze kazi.

Bi. Siwema alioga, akavaa, akatoka. Alikuwa amepungua, na alikuwa mzuri. Akaketi kwenye kiti chake cha mbele. Udi ulikuwa unafuka. Kwenye kioo yalikuwa yamebaki matangazo tu, na mtaa mzima ulikuwa kimya unangoja.

Bwana Mwinyimvua akafanya mambo ambayo katika nchi ile hayajapata kufanywa. Alichukua kanga ya mkewe, ile ile ya maandishi, akaifunika kamera ya Wizara. Kisha akachukua rimoti akazima televisheni. Akavuta kigoda, akaketi karibu na mkewe, chini kidogo ya magoti yake.

"Siwema," akasema. Hakuwa amemwita hivyo tangu Mize azaliwe. "Na wewe, mama, wewe ulionaje?"

Akanyamaza. Akasubiri.

Bi. Siwema aligeuka. Alimtazama kwa macho makubwa, yale yale ya barazani, na midomo yake ikafunguka kidogo. Bwana Mwinyimvua hakumkatiza. Akaona neno linakuja, limefika kwenye ulimi. Halafu nyumba ya pili Mama Tunu akakohoa.

Midomo ikafunga. Ilipofunguka tena, sauti ilikuwa ile ya sokoni, ile ya kwenye foleni.

"Mimi nimeona alivyoona Mtazamaji Mkuu."

"Siwema, hakuna anayesikia. Nimeifunika. Ni mimi tu hapa."

"Najua ni wewe," akasema.

Akaichukua rimoti mkononi mwa mumewe, taratibu, kama unavyomwondolea mtoto kisu, akawasha televisheni. Mtu mrefu mwenye koti la kijivu alikuwa anashuka kwenye teksi. Akabisha hodi mlango fulani. "Karibu," akasema Bi. Siwema. Na yule mtu alipogeuka kutazama kamera, akavuta mtandio, akajifunika kichwa.

Hadithi yangu imefika ukutani, haina mlango mwingine. Na mkiniuliza mimi niliyeisimulia naionaje, mimi nimeona alivyoona Mtazamaji Mkuu.